Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuvu ya Ndani ya Mwarubaini na Jina Lake

Wahenga wa pwani waliacha methali mbili kuhusu kiumbe kinachoishi kwa kiumbe kingine. Ya kwanza huonya: kikulacho ki nguoni mwako. Ya pili hukaribisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanafunzi hufundishwa methali hizi mbalimbali, kana kwamba kila moja ina ulimwengu wake, ilhali zote mbili zinauliza jambo moja: yule aliyeingia ndani amekuja kula au kuponya? Taaluma ya maradhi ya mimea, kwa sehemu kubwa ya historia yake, iliegemea methali ya kwanza. Kuvu ilipoonekana juu ya jani ilihesabiwa adui, na dawa ikanyunyizwa. Katika miongo ya karibuni taaluma hiyo imejifunza kuisoma na methali ya pili. Imebainika kwamba ndani ya jani zima, lisilo doa wala dalili ya mnyauko, mnaishi kuvu nyingi ambazo hazimdhuru mwenyeji wake, na kwamba baadhi yake humkinga dhidi ya kuvu zinazoua. Makala haya yanazitazama kuvu hizo kutoka mtaa mmoja, Majengo katika kisiwa cha Mombasa, na yanauliza swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili kama linavyoihusu maabara: kiumbe hiki kiitweje, na nani akipe jina?

Majengo ni mtaa uliokua nje ya Mji wa Kale katika karne ya 20, wakati bandari na reli zilipowavuta watu wengi kisiwani. Nyumba zake za asili ni nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Mwenye nyumba huwa na chumba chake au viwili, na vilivyobaki hukaa wapangaji. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba mwenyewe mara nyingi ni mpangaji wa namna nyingine, kwa kuwa Mombasa ina desturi mashuhuri ya nyumba bila ardhi: mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa kodi ya ardhi. Kwa hiyo mtoto wa Majengo hukua akijua kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya mali ya mwenziwe maisha yote bila ya kuwa mwizi. Hujua pia kwamba mpangaji mwema ni ulinzi wa nyumba, na kwamba makubaliano yaliyodumu miaka yanaweza kuvunjika kwa siku moja.

Katika nyua hizo, na kando ya barabara za kisiwa kizima, umesimama mwarubaini. Asili ya mti huu ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani yake, lakini umeizoea pwani hata ukapata jina la Kiswahili, jina linalohesabu maradhi arubaini unayosemekana kuyaponya. Majani yake huchemshwa kwa homa, huogewa kwa upele, hufukizwa ili mbu wakimbie, na yakishakauka huwekwa ndani ya nafaka ili wadudu wasiitoboe. Wanasayansi, wanaouita Azadirachta indica, wamethibitisha sehemu ya sifa hizo. Mbegu zake zina azadirachtini, kemikali inayowafanya wadudu wengi wasile na wasikue ipasavyo, na mafuta yake hutumika kuzuia kuvu za mimea.

Msichana mmoja aliyelelewa chini ya mti wa namna hiyo alirudi Majengo kwa likizo, akiwa katika mwaka wake wa mwisho wa masomo ya biolojia chuoni. Alimkuta bibi yake uani akichambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, huko chuoni wasoma nini hata umekonda hivi?"

Msichana akataka kujibu, akaona kwamba neno analolitumia kila siku ni la Kiingereza na hana jingine. Akajaribu kuzunguka.

"Nasoma vitu vinavyoishi ndani ya majani ya mwarubaini, bibi."

"Wadudu?"

"Si wadudu."

"Maradhi?"

"Wala si maradhi. Ni kuvu."

Bibi aliuacha mchicha. "Kuvu ni ya mkate uliolala. Mwarubaini wangu hauna kuvu. Utazame, jani lang'aa."

"Ndipo hapo, bibi. Jani lang'aa, na kuvu imo."

Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo msichana hakuwahi kuulizwa na mwalimu yeyote. "Yaishi humo kwa idhini ya nani? Na yalipa nini?"

Msichana akamweleza kwamba mti huipa kuvu makao na chakula, nayo kuvu hutoa vitu vinavyowazuia maadui wa mti wasiingie. Akamweleza pia kwamba si zote zilipazo. Nyingine zimekaa tu, na nyingine hungoja mti udhoofike ndipo zianze kuula.

"Basi huyo ni mpangaji," bibi akasema, akaurudia mchicha wake. "Wako wapangaji wema, na wako wanaokungoja uugue. Na hicho kitabu utakachoandika, mimi nitasomewa na nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na litarudiwa mbele. Kwanza inafaa kumtazama mpangaji mwenyewe. Istilahi ya kimataifa inayomtaja inahusishwa na Anton de Bary, mtaalamu wa Kijerumani aliyeandika juu yake mwaka 1866, na maana yake kwa Kigiriki ni "ndani ya mmea". Njia ya kuipata kuvu hiyo ni nyepesi kuelezeka. Jani zima huchumwa, likaoshwa kwa spiriti na dawa ya klorini ili kila kilicho juu yake kife, kisha likasuuzwa kwa maji yaliyotakaswa. Hukatwa vipande vidogo na kulazwa juu ya sahani ya agari, ambayo ni chakula kilichogandishwa mfano wa faluda. Maji ya mwisho ya kusuuzia nayo huwekwa kwenye sahani yake. Ikiwa sahani ya maji imebaki tupu, na kwenye sahani ya jani nyuzi nyeupe, za kijivu au za kijani zimechomoza kutoka ukingo uliokatwa, basi hapana shaka kwamba kilichoota kilikuwa ndani. Hatua inayofuata ni kuipambanisha. Kuvu iliyotoka katika mti wa dawa huwekwa upande mmoja wa sahani, na kuvu inayoleta ugonjwa, kwa mfano Fusarium inayonyausha minyanya, huwekwa upande wa pili. Mtafiti hungoja siku kadhaa aone kama zitakutana au kama pengo litabaki baina yao.

Mpangaji huyu hulipa kodi yake kwa njia nne. Kwanza, huwahi nafasi: akivijaza vyumba, mwizi aingiapo hakuti pa kulala wala cha kula. Pili, hutengeneza kemikali zinazomzuia au kumwua adui. Tatu, wako wanaomla adui mwenyewe. Kuvu za jenasi Trichoderma huzizingira nyuzi za kuvu nyingine, zikazitoboa na kuzinyonya. Nne, na pengine ndiyo ya ajabu zaidi, kuwapo kwake huuamsha mmea uandae kinga zake mapema, mfano wa nyumba ambayo sauti ya mpangaji ukumbini humfanya mwenyewe asilale fofofo.

Mambo haya si habari za nchi za mbali. Kituo cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimezichunguza kuvu za namna hii katika mazao yanayoliwa kila siku. Mwaka 2014 watafiti wake walichapisha matokeo juu ya vitunguu vilivyopandikizwa kuvu za ndani, ikiwamo ile iitwayo Hypocrea lixii. Vithiripi, wadudu wadogo wanaofyonza majani ya vitunguu, walikula kidogo na kutaga mayai machache zaidi kwenye mimea iliyokaliwa na baadhi ya kuvu hizo. Mwaka 2018 uchunguzi ulisogezwa hadi kwenye virusi vya madoa ya manjano vinavyosambazwa na wadudu hao, ikaonekana kwamba katika mmea wenye kuvu hiyo virusi navyo havikuzaana kama kawaida. Mpangaji mmoja aliwazuia maadui wawili.

Kanuni ya kuwahi nafasi imeshaingia mashambani kwa sura nyingine. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa katika eneo la mashariki ya Kenya. Sumu hiyo hutengenezwa hasa na kuvu Aspergillus flavus. Dawa iliyobuniwa baadaye, Aflasafe, ni kuvu ya spishi hiyohiyo, ila imechaguliwa ile isiyo na uwezo wa kutengeneza sumu. Hupakwa kwenye punje za mtama na kumwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, ikawahi nafasi kabla ya ndugu yake mwenye sumu. Kuvu hii hutoka udongoni na mashambani, haitolewi ndani ya majani ya miti ya dawa, lakini hekima yake ni ileile. Vivyo hivyo, mwaka 2021 Kenya iliidhinisha Kichawi Kill, kuvu ya Fusarium inayooteshwa juu ya wali na kuwekwa pamoja na mbegu za mahindi ili kuliua gugu la striga. Mwanafunzi wa isimu ataona kwamba bidhaa hiyo ina Kiswahili nusu na Kiingereza nusu. Adui amepewa jina la Kiswahili; tendo la kumshinda limeachiwa lugha nyingine.

Kwa nini basi watafiti wakaigeukia miti ya dawa hasa? Sababu ni tuhuma iliyozidi kupata nguvu tangu mwaka 1993. Mwaka huo watafiti wa Montana, Marekani, walitangaza kwamba kuvu Taxomyces andreanae, iliyotolewa ndani ya gome la mti uitwao Taxus brevifolia, ilitengeneza yenyewe taksoli, dawa ya saratani iliyojulikana kuwa ya mti huo. Mwaka 2012 ikaelezwa kuvu nyingine, Eupenicillium parvum, iliyotoka ndani ya mwarubaini na kutengeneza azadirachtini katika maabara. Kiasi kilichopatikana katika visa kama hivi ni kidogo mno, na viwanda havijaweza kuzitegemea kuvu hizo. Hata hivyo swali limezaliwa: dawa ambayo vizazi vimeisifu kuwa ya mti, je, sehemu yake si kazi ya mpangaji?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa watu wa Mombasa, kwa sababu ya yaliyotokea ng'ambo ya Likoni. Katika miaka ya 1970, zaidi ya tani 27 za mti Maytenus buchananii zilikatwa katika milima ya Shimba, Kwale, kwa ajili ya majaribio ya taasisi ya saratani ya Marekani. Kilichotafutwa kilikuwa maitansini, kemikali iliyotangazwa mwaka 1972 kutoka kwa jamaa wa mti huo. Walipohitaji zaidi miaka michache baadaye, ilikuwa taabu kuipata, kwani miti haikuwa imechipuka ya kutosha. Kisha mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kwamba katika Putterlickia, mimea ya ukoo uleule, maitansini hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi. Kama elimu hiyo ingekuwapo nusu karne kabla, huenda mizizi michache ingetosha mahali pa tani 27. Kumjua mpangaji kunaweza kuiokoa nyumba isibomolewe. Jambo hili linazihusu pia kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ambamo dawa nyingi za pwani bado zinamea.

Hata hivyo haifai kumsifu mpangaji kupita kiasi. Sahani ya agari si shamba. Kuvu iliyoshinda maabarani hukutana shambani na jua, ukame, udongo wenye wakazi wengine maelfu, na mara nyingi hushindwa. Aidha, inayomlinda mmea si lazima imlinde anayeula. Nchini Marekani, mwaka 1977, maradhi ya ng'ombe waliokula nyasi ya malisho iitwayo fescue yalihusishwa na kuvu ya ndani ya nyasi hiyo. Nyasi ilistahimili wadudu na ukame, ng'ombe wakadhurika. Ndiyo maana kila kuvu inayokusudiwa kuwa dawa ya mazao hupaswa kupimwa na kusajiliwa kabla ya kuuzwa. Mkulima wa minyanya wa Mtwapa au Likoni asidanganywe kwamba kusaga majani ya mwarubaini ndiko kuipata kuvu yake.

Swali la pili ni la umiliki. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa Idara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya njia ya kuzuia kuvu za mimea kwa mafuta ya mwarubaini. Watetezi wa wakulima, akiwamo Vandana Shiva wa India, waliipinga kwa hoja kwamba jambo hilo lilikuwa likifanywa India siku nyingi. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa mwaka 2005. Kisa hicho kilifunza kwamba ujuzi usioandikwa ni rahisi kuchukuliwa. Tangu hapo Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imetaka faida ya bioanuwai igawanywe kwa haki, na Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Lakini mafuta ya mwarubaini yalikuwa na mashahidi waliokuwa wakiyatumia. Kuvu iliyomo ndani ya jani haina shahidi wa namna hiyo. Bibi wa Majengo ameitumia maisha yake yote bila ya kuijua, na mtu hawezi kudai haki ya kitu asichoweza kukitaja.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, si kama pambo la makala bali kama sehemu ya haki yenyewe. Lugha hii ni lugha rasmi ya Kenya kwa katiba ya mwaka 2010. Ina uzoefu wa kuunda istilahi za sayansi. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kwa kiumbe hiki njia zote za kawaida ziko wazi. Anayependa kutohoa atasema endofaiti, neno linalowaunganisha wataalamu wa dunia lakini lisilomwambia bibi chochote. Anayependa kuambatanisha atasema kuvundani, neno lililo wazi lakini lisiloeleza uhusiano. Neno kimelea, linalotokana na kumea, lingefaa kwa umbo lake, ila limeshazoeleka kwa kiumbe mdhuru. Anayependa kupanua maana atasema kuvu mpangaji, na hapo fasiri yote imo ndani ya jina: anaishi kwa mwingine, anatarajiwa kulipa, anaweza kulinda, anaweza kugeuka.

Jina hilo linazua na suala la sarufi. Mti uko katika ngeli ya U-I, na mnyama katika A-WA. Kuvu si mmea wala si mnyama. Sayansi imeipa himaya yake peke yake, ilhali Kiswahili kimeizoea katika I-ZI, pamoja na nguo na meza. Ikiitwa mpangaji, inavuka hadi A-WA: mpangaji huyu, wapangaji hawa. Mhafidhina atalalamika. Lakini uhamisho huo unasema kweli ambayo maabara imechukua zaidi ya karne kuifikia, kwamba kilichomo ndani ya jani ni kiumbe chenye mwenendo wake.

Linalopendekezwa basi ni dogo na linatekelezeka. Kila tasnifu ya sayansi inayohusu mimea ya dawa ya pwani iwe na muhtasari wa Kiswahili, walau kurasa mbili, unaoweza kusomwa kwa sauti uani mwa waliotoa ujuzi huo. Wanafunzi wa Kiswahili wakutane na wenzao wa biolojia ili muhtasari huo usiwe tafsiri ya mashine bali maneno ya watu. Na kabla ya istilahi kupelekwa kwenye mabaraza, ijaribiwe kwanza kwa wenye nyumba. Wazee wenye ujuzi wa miti wanapungua mwaka baada ya mwaka, na kila anayeondoka huondoka na maswali ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuyafikiria, kama lile la idhini na kodi. Mgeni ameshaingia zamani, na huenda mwenyeji ameshaanza kupona. Kilichobaki ni kuwajulisha.